Sini Moja ya Adui

Mtaa mzima ulimwita Adui, na mgeni akisikia jina hilo angedhani ni jambazi. Hakuwa jambazi. Alikuwa mwigizaji aliyepigwa kwenye sinema za Kihindi, tena akapigwa na mastaa wakubwa ambao picha zao zilibandikwa kwenye kuta za vinyozi wetu wote, na aliporudi Nairobi alikuta tumeshamwona akipigwa mara nyingi kuliko ambavyo angeweza kusimulia. Kwetu sisi tuliokulia kwenye vibanda vya vidio, sinema ina watu wawili tu: staring, yule ambaye hafi hata apigwe risasi ngapi, na adui. Yeye alikuwa adui. Jina lake la kanisani nalijua, lakini nikilitaja, hakuna mtu wa mtaa ule atakayejua ninamzungumzia nani.

Nilimfahamu nilipomaliza kidato cha nne. Sikuwa na kazi, nikajiunga na kikundi cha maigizo kilichozunguka shule za sekondari kikiigiza vitabu vinavyotahiniwa. Tulifanya mazoezi katika ukumbi wa mtaa, na mchana mmoja tukiwa kwenye sehemu ya ugomvi, tukasikia mtu akicheka nyuma. Alikuwa amesimama mlangoni, mrefu, shati limepigwa pasi kama la karani wa benki.

"Nyinyi mnapigana kama mnafukuza nzi," akasema.

Akapanda jukwaani bila kuombwa, akamwita kijana wetu mwenye nguvu na kumwambia amzabe kofi. Kijana akasita, kisha akarusha mkono. Tulisikia kofi likilia ukumbi mzima, tukamwona yule bwana akizunguka, akagonga kiti, akaanguka chali na kutulia. Wasichana tulipiga mayowe. Kijana wetu akaanza kuapa kwamba hakumgusa. Na kweli hakumgusa. Mlio ule aliupiga mwenyewe kwa kiganja pajani. Akafumbua jicho moja akiwa bado sakafuni.

"Kupiga ni kazi ya mtu yeyote," akasema. "Anayepigwa ndiye mwigizaji."

Tangu siku hiyo sisi wa kikundi tulimwita Mwalimu. Mtaa uliendelea na Adui wake.

Ukiongea naye ilibidi uwe upande wake wa kulia. Sikio la kushoto lilikuwa halisikii, na hilo halikuwa la kuigiza. Staa mmoja alikuwa amechelewa kufika kazini, akakataa kufanya mazoezi, kofi likatua lilipotua. Mwalimu alisimulia kisa hicho bila chuki, akasema staa yule alimtumia maua. Alisema hivyo huku akitabasamu, nami nikawa nashangaa mtu anawezaje kutabasamu kwa maua yaliyotumwa badala ya daktari. Nilikuwa mdogo. Sikujua kwamba kuna watu ambao maua hayo ndiyo heshima ya pekee waliyowahi kupata kazini.

Kwenda India alikwenda kusoma kompyuta. Kijiji chao huko magharibi kilifanya harambee, kanisa likaombea pasipoti yake. Lakini moyoni alikuwa na safari yake nyingine. Kihindi alikuwa ameanza kukiiga tangu utotoni, akiwa amekaa kwenye benchi la kibanda cha vidio, akisoma midomo ya waigizaji na kurudia maneno asiyojua maana yake. Kufika kule, siku moja kwenye treni akafuatwa na mwanamume mwenye miwani ya jua aliyemuuliza kama anaweza kukunja uso. Kazi ya mtu yule ilikuwa kukusanya weusi na wazungu wa kujaza sinema. Wazungu walicheza wageni wa harusini na wacheza dansi. Weusi walicheza walinzi, wauza dawa za kulevya na watu wa kurushwa kupitia kioo cha dirisha.

"Siku ya kwanza," alituambia, "mama wa kupaka rangi aliniangalia akasema sijafika. Nikamuuliza, sijafika wapi? Akachukua kopo akanipaka nyeusi juu ya yangu. Nilipojitazama kwenye kioo nikamwona mtu nisiyemjua."

Tulicheka. Alikuwa na namna ya kusimulia ambayo ilikuchekesha kwanza, na uchungu ukaja baadaye ukiwa unaosha vyombo. Alisimulia jinsi alivyotafuta nyumba ya kupanga jiji zima na kukuta kila nyumba imeshachukuliwa dakika alipojitokeza mlangoni. Alisimulia kuhusu mwenye duka la jirani aliyekuwa akimuuzia mkate kila asubuhi, wakisalimiana vizuri tu, mpaka sinema moja ilipotoka ambamo Mwalimu aliuza unga kwa watoto wa shule. Asubuhi iliyofuata mwenye duka akamwona anakuja na akateremsha shata la mlango. Mwalimu akabisha. Akamweleza yule bwana kwa Kihindi safi kwamba ule ulikuwa mchezo, na unga wenyewe ulikuwa wanga wa mahindi. Kutoka ndani akajibiwa, "Wote husema hivyo."

Hata hivyo hakumruhusu mtu yeyote aziseme vibaya sinema za kule. Ukisema zina machozi mengi na nyimbo nyingi, alinuna wiki nzima. Akifua nguo kwenye karai alikuwa akiimba nyimbo za mapenzi za kule, sauti ya kike na ya kiume, zote mbili yeye. Alituonya tusithubutu kwenda India kutafuta kazi ya sinema, kisha Jumamosi unamkuta amewakalisha watoto wa ploti aliyopanga anawafundisha kuhesabu Kihindi. Nilimwambia siku moja kwamba simwelewi. Akaniambia hata yeye hajielewi, niendelee na mazoezi.

Lakini kilichomkaa rohoni kilikuwa kimoja, na kila aliyemjua alikijua. Kilikuwa ile sini yake, kipande kimoja cha sinema.

Baada ya miaka ya kurushwa madirishani, alipata sinema moja iliyoongozwa na kijana aliyekuwa anaanza kazi. Kijana yule alimsikia akizungumza Kihindi na mpishi wakati wa chakula, akashangaa, akaenda kumwandikia sini nzima ya maneno. Ilikuwa sini ya mwanzo kabisa, adui akiwa bado mtu wa kawaida nyumbani kwake, kabla hajawa adui. Mwalimu aliifanyia mazoezi mpaka wenzake wa chumbani wakamwomba akalale nje. Siku ya kuipiga picha hakupakwa rangi yoyote. Akaongea kwa sauti yake mwenyewe, na mwongozaji hakumkatiza. "Fundi wa taa alifuta macho," alikuwa akituambia, na jambo hilo alilitaja kila aliposimulia, tena kwa sauti ileile ya shahidi mahakamani.

Sinema ilipotoka, aliwachukua wenzake wa chumbani waende kuitazama. Taa zikazimwa, picha ikaanza, na sini yake haikuwemo. Adui aliingia tayari ana bunduki, akapiga kelele, akapigwa, akafa. Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba sini imekatwa. Wenzake, ambao hawakujua walichopaswa kuona, walipiga makofi aliporushwa kutoka ghorofani.

Tulimuuliza mara nyingi alisema nini ndani ya sini ile. Hakutaka kutuambia. "Sini haisimuliwi," alisema. "Sini inaonekana. Siku mtaiona, mtaiona." Aliamini kabisa kwamba mahali fulani kuna nakala nzima, kwamba kanda haitupwi, na kwamba siku moja itatolewa. Haja yake ya maisha ilikuwa hiyo: watu wamwone akiwa mtu anayeongea, wamwone kabla hajapigwa. Hakuomba zaidi ya hapo, na naona haikuwa haja kubwa.

Mambo ya viza yalipomharibikia akarudishwa nyumbani na begi moja. Kijijini hakwenda, angewaambia nini waliomchangia asome kompyuta? Akapanga chumba huku Eastlands. Na huku ndiko alikokutana na adha nyingine ambayo India nzima haikuwa nayo.

Kwenye vibanda vyetu sinema haziachwi zijisemee. Kuna dijei, mtu anayeingiza sauti yake juu ya sinema na kuifasiri kwa Sheng, lugha ya vijana wa mtaani, akimpa kila mtu maneno anayoona yanamfaa. Dijei wa mtaa wetu alikuwa fundi kwelikweli. Staring wake alikuwa mcheshi, mama wa staring alilia kwa Kikuyu, na adui, kabla ya kufa, sharti aombe. Ndicho watu walicholipia. Kwa hiyo kila mara sinema ile iliyokatwa sini yake ilipochezwa, Mwalimu alionekana ameshaanguka kutoka ghorofani, amepiga magoti kwenye vumbi, na sauti ya dijei inamtoka: "Woi, staring, nisamehe buda. Mimi ni wa kutumwa tu, hata lunch sijakula. Nihurumie, nirudi kwetu." Kibanda kilianguka kwa vicheko. Watoto walimfuata barabarani wakimwigiza, "Woi, nisamehe buda," naye alipita kama hasikii, akiwageuzia sikio lake bovu.

Siku moja alimwendea dijei, mimi nikiwa naye. Dijei alikuwa nje ya kibanda chake, anatafuna mahindi ya kuchoma.

"Ndugu yangu," Mwalimu akamwambia, "mimi siombi mahali pale. Hata kwa Kihindi siombi. Pale nimenyamaza."

"Adui, si unajua hii ni biashara," dijei akasema. "Ukinyamaza, watu watasikia nini?"

"Wasikie nimenyamaza."

"Manze, hiyo haiuzi. Basi niambie ulisema nini kwa hiyo sini yako, nikuwekee mwanzoni. Naweza kuibuni tu, picha ya mtu ametulia naitoa kwa movie nyingine."

Mwalimu alifikiria. Niliona kabisa anatamani kukubali. Kisha akatikisa kichwa. "Itakuwa sauti yako," akasema.

"Basi sitaki kukudanganya," dijei akamwambia, bila ubaya. "Adui lazima alie. Si mimi nilianzisha."

Mwalimu akazoea kulipia kiingilio kila nakala mpya ya sinema ile ilipoletwa. Alikaa benchi la mbele, akatazama mwanzo, akaona adui anaingia na bunduki, akainuka akatoka. Nilimfuata siku moja nikamkuta amesimama karibu na mtaro, amekunja mikono. "Bado," akaniambia. Nilitaka kumwambia aache. Nilimwonea huruma mpaka nikakasirika, na hasira yenyewe sikujua ni ya nani.

Mapigano ya kweli hakuyaweza. Palipotokea ugomvi wa walevi alifunga mlango wake. Ila kuna asubuhi moja, karibu na soko, umati ulimshika kijana kwa madai ya kunyakua simu. Tulikuwa tukitoka Gikomba kununua mavazi ya maigizo. Kabla sijamzuia, Mwalimu alikuwa ameshapenya katikati ya watu, anamwelekeza kijana kwa sauti ileile ya mazoezini. "Lala upande. Funika kichwa. Kaa chini, usiinuke, wakiona umekwisha watachoka." Kijana alimsikia, nina hakika, maana alijikunja kama alivyoambiwa, na mawe yakaanza kupungua. Kisha akainuka. Alitaka kujieleza. Alikuwa ameinua mkono kama mwanafunzi darasani.

Mtu mmoja akamtambua Mwalimu. "Si huyu ni Adui? Adui anatetea mwizi." Watu wengine wakacheka, katikati ya kitu kile wakacheka, na jiwe la kwanza likamjia yeye pia. Nilimvuta kwa shati tukakimbia kati ya mikokoteni na mafundi seremala mpaka tukafika barabarani. Kijana yule hakuishi. Kwa muda mrefu baadaye, tukiwa tumekaa tu, Mwalimu angesema, "Angebaki chini," nami nilijua anasema juu ya nani. Hakuwahi kusema kwamba kijana alikuwa na haki ya kujieleza. Mimi nadhani hilo ndilo lililomtesa.

Hata kanisani hawakumsaza. Katika mchezo wa Krismasi alimwomba mchungaji ampe sehemu ya mmoja wa wachunga kondoo. Akapewa ya askari wa mfalme anayesaka watoto awaue. "Watoto wanakuogopa vizuri," mchungaji akamwambia, na nadhani alifikiri anamsifu.

Miaka ikaenda. Kikundi chetu kilivunjika, nikaolewa, nikazaa, nikaanza kuuza mapazia ya mitumba. Kisha tukasikia kwamba kampuni ya sinema kutoka India imekuja Nairobi kupiga picha na inatafuta waigizaji. Mwalimu alinijia kwenye kibanda changu cha mapazia asubuhi na mapema. Alikuwa amenyolewa, shati limepigwa pasi.

"Mama Pendo, wana sehemu ya daktari," akaniambia. "Daktari Mwafrika. Ana maneno."

Niliacha mapazia kwa jirani nikaenda naye. Sikumbuki kama alinialika. Tulisubiri kwenye uwanja wa hoteli pamoja na vijana wengi kutoka Mathare na mitaa mingine, wengi wao wakiwa wamekuja kwa sababu waliambiwa kuna chakula. Alipoitwa, milango ilikuwa wazi, nikaona. Alisalimu kwa Kihindi. Wale watu wa mezani wakainua vichwa. Akaongea, wakaongea, wakacheka pamoja naye, mmoja akasimama kumshika mkono. Nilianza kumshukuru Mungu palepale kwenye nyasi.

Alitoka na kikaratasi mkononi. Alikuwa amepewa kazi, lakini si ya udaktari. Walimweleza kwa upole kwamba Kihindi chake ni kizuri mno. Kinafanana na chao, na watazamaji wakimsikia daktari Mwafrika akiongea hivyo watacheka na sini itaharibika. Daktari watamweka kijana asiyejua lugha, kisha watamtilia sauti. Lakini kwa kuwa yeye anaelewa pande zote mbili, na wameona ana uzoefu, wangependa awafundishe wale vijana wa Mathare jinsi ya kuanguka.

"Utakubali?" nikamuuliza.

"Wasipofundishwa wataumia," akasema.

Akaifanya kazi hiyo mpaka ikaisha, na hakuna kijana aliyevunjika hata kidole. Aliyeumia mgongo ni yeye, akionyesha kuanguka mara moja zaidi ya alivyotakiwa. Baada ya hapo alianza kutembea amejishika kiuno.

Nilimwona kwa mara ya mwisho mwaka jana. Vibanda vya vidio vimeisha, kila mtu ana sinema zake kwenye simu, na jina la Adui limebaki kwa watu wa rika langu. Alikuwa amehamia Kware, ghorofa ya juu kabisa, kwenye moja ya zile nyumba ndefu ambazo ukipanda ngazi mchana unashika ukuta kwa sababu ya giza. Alinitumia ujumbe nije Jumapili baada ya kanisa. Nilipanda na ndizi na paketi ya maziwa, nikipishana na kina mama waliobeba mitungi ya maji.

Alikuwa amekonda sana. Kifua kilikuwa kinamsumbua, dawa zilikuwa dirishani, na dada yake alikuwa anakuja kumchukua ampeleke nyumbani. Alinikaribisha kwenye kiti, upande wake wa kulia, akauliza habari za Pendo na baba yake.

"Nilimpigia yule mwongozaji," akasema baadaye. "Mtoto wa jirani alinitafutia namba kwenye mtandao. Ni mtu mkubwa sasa. Alinikumbuka, ujue. Aliniita kwa jina langu."

"Akasemaje kuhusu sini?"

"Zilizokatwa zilitupwa zamani. Alicheka kidogo, akaniambia hakuna mtu huweka vitu hivyo." Akanyoosha shuka kwa kiganja. "Kwa hiyo haiko. Imebaki hapa tu." Alijigusa kifua, pale palipokuwa pakimsumbua.

Nikamwambia pole, neno ambalo tunalitumia hata mtu akijikwaa.

"Keti vizuri," akasema. "Nataka uione."

Akasimama kwa kushika ukingo wa kitanda. Akasogeza ndoo ya maji pembeni, akafunga dirisha ili kelele za barabara zipungue. Kisha akageuza uso, na alipourudisha hakuwa yule mgonjwa. Akaanza kuongea. Kilikuwa Kihindi chote na sikuelewa neno hata moja, lakini sauti ile sikuwahi kuisikia kwake, ya chini, inayosimama na kuendelea. Mara aliinama kidogo akanyoosha mkono. Mara alinyamaza akatazama sakafu, akasema neno moja mara mbili. Macho yake yalikuwa yamejaa maji. Na mimi nililia, nililia waziwazi, nikafuta kwa leso ya kichwa.

Alipomaliza alikaa kitandani akihema. Alikuwa na furaha, nisidanganye. Uso wake wote ulikuwa na furaha.

"Umeona?"

"Nimeona, Mwalimu."

"Umeelewa?"

Ningeweza kusema hapana. Lakini alinitazama kwa hamu kiasi kwamba nikaona ni lazima nimpe kitu, na nilikuwa na uhakika nimeelewa. Nilikuwa nimeona mtu ameinama, amenyoosha mkono, na machozi.

"Ulikuwa unawaomba wasikuue," nikasema.

Furaha ile haikuondoka mara moja. Ilimtoka polepole, nami nikiitazama. Hakukasirika. Akachukua paketi ya maziwa niliyomletea, akaigeuza mkononi, akaiweka chini.

"Nilikuwa namwambia binti yangu anywe maziwa," akasema. "Alikuwa anakataa kulala."